Tiba Iliyokuwa Kwenye Pumzi Yangu

Nilipokuwa mtoto nilikuwa mganga, tena huko Ayalandi. Usicheke. Mama, Mtaita wa Wundanyi, alipata kazi ya uuguzi katika nyumba ya wazee kwenye parokia moja ndogo: kanisa, shule, duka, na ng'ombe wengi kuliko waumini. Waafrika tulikuwa sisi tu. Watu walitusalimia vizuri, lakini hakuna aliyekuja kwetu.

Jumapili moja, baada ya misa, Mama alimweleza jirani yetu, Bi Nora, kwamba baba yangu alifariki mimi nikiwa tumboni. Nora akanishika mkono. "Kwa hiyo huyu hajawahi kumwona babake?"

Kesho yake asubuhi, hodi! Nora na binti yake aliyebeba kichanga. Kinywa cha mtoto kilikuwa kimejaa utando mweupe, analia hadi sauti imekauka. Dawa ya daktari haikufua dafu. Kwao, mtu asiyewahi kumwona babake ana tiba: akimpulizia mtoto kinywani, utando huondoka.

Mama akaruka. "Ashindwe! Waganga nimewaacha kwetu, nije niwakute kwa Wazungu?"

"Hajanyonya tangu jana," binti yule akasema, machozi yakimtoka. "Tafadhali."

Mama alimtazama mtoto, akanitazama mimi. "Haya, mpulizie. Lakini padri asijue."

"Padri ndiye aliyetutuma," Nora akajibu.

Nikapuliza. Wakaondoka bila hata asante, na Mama alinuna kutwa, mpaka alipoambiwa kwamba tiba ile ikishukuriwa huharibika. Siku chache baadaye mtoto alinyonya. Kama ni dawa, kama ni mimi, sijui, wala siulizi. Tangu hapo kwetu hakukupoa. Walikuja na watoto, wakakaa wakanywa chai, wakamcheka Mama kwa kuweka sukari nyingi.

Sasa naishi North York, mjini, ng'ambo ya bahari kutoka Ayalandi, na wanangu nikiwasemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza. Kijiji kile nakikumbuka hadi kifua kinauma. Wenzangu wa kanisani hunitania, eti Mtaita gani analilia mashamba ya Wazungu? Nalilia, ndiyo. Hapa nikisema baba alifariki kabla sijazaliwa, watu husema pole, kisha hubadilisha mazungumzo. Kule waliniletea watoto wao. Ndipo nilipojua, kwa mara ya kwanza, kwamba baba aliniachia kitu.