Na ya Kutolea

Sijamsamehe yule mwenye duka la dawa, na sina mpango wa kumsamehe. Nalisema mapema, ili anayengoja tupeane mikono mwishoni akatafute kitu kingine cha kusoma.

Duka lake lilikuwa njia panda, upande wetu wa Kisarawe, pale unapoiacha barabara kubwa kuelekea Marui. Halikuwepo jingine karibu. Ukitaka jingine ni bodaboda mpaka mjini, na mvua ikinyesha hata hao bodaboda wanakukatalia. Ukutani alikuwa amebandika kibao kikubwa cha lipa namba, cha kupokelea malipo ya simu, kinameta, ungedhani ni mtu wa watu. Lakini ukitoa simu ulipie pale, anatingisha kichwa. "Hiyo inasumbua. Tuma kwenye namba yangu ya kawaida, na ya kutolea." Yaani makato ya yeye kwenda kuitoa hela yake kwa wakala, uyalipe wewe! Umenunua dawa ya kikohozi, na bado umgharimie safari ya kufuata hela yake. Na wote tulikuwa tunalipa. Tumeshazoea. Fundi anataka ya kutolea, muuza mkaa anataka ya kutolea, hata rambirambi ukituma bila ya kutolea unasemwa msibani.

Mimi wakati huo nilikuwa Kwala, nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha bidhaa, nimepanga chumba huko huko. Mama alibaki nyumbani Marui. Alikuwa msuka mikeka. Simsifii kwa kuwa ni mama yangu. Watu walitoka mbali kuja kuagiza mkeka wa harusi kwake, na akishika ukili huwezi kuvifuata vidole vyake kwa macho. Alikuwa na presha ya siku nyingi, ya kumeza kidonge kila siku. Kila mwezi utaratibu wetu ulikuwa ule ule: bodaboda niliyekwisha kumlipa kwenda na kurudi anampeleka dukani, mimi namtumia yule bwana hela, yeye anampa mama dawa.

Mwezi huo nilituma asubuhi, kabla ya kuingia zamu. Kiwandani kwetu simu unaiacha getini kwa mlinzi, kwenye kisanduku chenye namba yako, mpaka saa kumi jioni. Hakuna cha mama wala cha mjomba. Nilipoichukua jioni nikakuta mama kanipigia mara kumi na moja. Mama yangu, ambaye maisha yake yote ananibipu tu ili nipige mimi! Nikapiga.

"Mwanangu, amekataa," akasema. "Anasema hela imepungua."

"Imepungua nini?"

"Ya kutolea."

Shilingi mia sita na hamsini. Hela ya dawa ilikuwa imeingia yote, imo kwenye simu yake, ameiona. Dawa zenyewe zilikuwa zimeshawekwa kwenye bahasha, juu ya kaunta. Mama akakaa kwenye benchi la nje tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, na njaa yake, akisubiri niongeze. Alimwomba ampe japo vidonge vya siku mbili. Akamjibu, "Bibi, mimi bei yangu inajulikana. Mwambie mwanao aache ujanja." Kuomba wapita njia wamchangie, mama yangu? Thubutu! Alikuwa radhi afe. Bodaboda alipokuja kumfuata, akarudi naye mikono mitupu.

Ile mia sita na hamsini niliirusha dakika ile ile. Lakini duka lilikuwa limeshafungwa, kesho yake bodaboda hakupatikana, keshokutwa ikawa mvua, na siku iliyofuata jirani akanipigia kuniambia mama ameanguka jikoni. Kiharusi. Mungu alimwachia roho, lakini mkono wa kulia haukurudi, na ulimi ukawa mzito. Hajasuka tena hata mstari mmoja. Daktari alisema hali kama ile ingeweza kumtokea hata kama angekuwa na dawa. Labda. Mimi si daktari.

Sasa niseme jambo ambalo mama sijawahi kumwambia. Ile ya kutolea sikuisahau. Mwezi wa nyuma yake nilikuwa nimegombana na yule bwana kwenye simu. Nilimwambia, una kibao ukutani, kwa nini unatukamua? Akanikatia. Basi mwezi ule nikatuma bei ya dawa kamili, bila senti juu, makusudi, nikasema leo atanitambua. Nikaiacha simu getini nikaingia kazini nimefurahi, najiona mjanja. Nimejilaani kwa hilo vya kutosha. Lakini nilivyojilaani mimi si hata robo ya nilivyomlaani yeye, na nataka ibaki hivyo.

Niliacha kazi. Nikachukua akiba yangu, nikapanga kibanda mkabala na duka lake, mlango unatazama mlango, nikawa wakala wa kuweka na kutoa hela kwa simu. Watu walidhani nimefuata riziki. Mama nikamleta nikae naye chumba cha nyuma. Kila asubuhi nilimtoa nje nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki, mkono wake mapajani, uso umeelekea kaunta ya yule bwana. Ndiyo, makusudi. Nilitaka kila akiinua macho amwone.

Siku ya kwanza kabisa alivuka barabara akaja kutukaribisha. "Karibu jirani, dada yangu." Halafu akamgeukia mama, kwa adabu zote, "Shikamoo bibi." Mama akaitikia kwa ule ulimi wake mzito, "Marahaba." Yule bwana hakumkumbuka! Mtu aliyemkalisha benchi kutwa nzima, hamkumbuki. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, na Mungu ndiye aliyenizuia nisimmwagie.

Sikuwa na haraka. Miezi minane nilikaa nikimchungulia tu, na nilichokuwa nakitafuta nikakiona: yule bwana hakuja kutoa hela. Sio kwangu tu. Wakala mwingine pale alikuwa mmoja, shoga yangu, nikamuuliza naye. Hajawahi kumwona. Mzigo wake alikuwa anaagiza Dar na kulipa kwa simu hiyo hiyo, kodi ya fremu ya duka analipa kwa simu, ada za watoto kwa simu. Ile ya kutolea alikuwa haitolei popote. Anaila! Ninajua siri ya mteja haitolewi, ndiyo miiko ya kazi yetu. Lakini yeye hakuwa mteja wangu, na hapo ndipo nilipomkamatia.

Nikaanza. Sikumtukana. Mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua, lakini kipindi kile niliutia breki mwenyewe. Mtu akija kutoa hela, namuuliza kwa upole, "Na wewe yule wa dawa anakutoza ya kutolea? Hee! Mbona mimi nina miezi minane hapa sijamwona akitoa?" Halafu nanyamaza, nampa noti zake. Maneno yale nikayapeleka msibani, nikayapeleka kwenye maulidi, nikayapeleka kisimani. Mama mmoja wa kwaya akayabeba mpaka kanisani kwao Jumapili. Haikupita muda watu wakaanza kumgomea. "Nalipia kwenye kibao au siinunui." Naye kwa kiburi chake akaking'oa kibao. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Nikakaa na vijana wa bodaboda nikawapangia safari: wagonjwa watano wanaunganisha, mmoja anakwenda mjini kuwaletea dawa wote. Dukani kwake ikabaki feni inazunguka peke yake.

Alifunga msimu wa mvua uliofuata. Nilivuta kiti changu nikakiweka sawa na cha mama, nimtazame vizuri akipakia makabati kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Alipomaliza akavuka barabara.

"Dada, mimi nilikukosea nini?"

Nikamwonyesha mama kwa kidole. Akamtazama uso, akautazama ule mkono. Kama alikumbuka, sijui.

"Mia sita na hamsini," nikamwambia.

Akarudi kwenye kirikuu chake, akaondoka. Siku hiyo nilipika pilau ya nyama nikasambaza kwa majirani, na walioniuliza kuna nini niliwaambia ni sadaka. Roho yangu ilikuwa imeburudika, nisidanganye. Mama alikula kwa mkono wa kushoto, polepole.

Raha ile ilidumu mpaka nilipokwenda Kongowe, hii ya Kibaha, kwenye shughuli ya ndugu yetu mmoja. Napita zangu barabarani nikaona duka la dawa la vioo, vigae vinang'aa, na nyuma ya kaunta nani? Yeye! Amenenepa. Juu ya meza ana mashine ya kadi, na pembeni karatasi imebandikwa: UKILIPA KWA KADI ONGEZA ASILIMIA TATU. Watu wamejipanga foleni. Mama mmoja mwenye miwani akachomeka kadi yake, akalipa dawa, akalipa na hizo asilimia, akasema asante. Asante! Hakuna aliyefungua mdomo. Nilisimama nje mpaka jua likanichoma utosi. Kumbe kwa jasho langu lote lile nimemtoa tu kwenye mia sita nikampandisha kwenye asilimia.

Nilirudi nikiwa sishikiki. Nyumbani napo mambo yalikuwa yameshageuka. Wale vijana wa bodaboda waliokuwa wanawaletea wagonjwa dawa walikuwa wamekimbilia Kwala, kwenye bandari kavu, kuna kazi. Waliobaki wakapandisha nauli, na habari ya kuunganisha wagonjwa hawataki kuisikia. Sikujali. Akili yangu yote ilikuwa Kongowe. Wallahi nilikuwa nimeshaulizia fremu mkabala na lile duka la vioo.

Ni katika wiki hiyo alipokuja bibi mmoja asubuhi, ametoka ndani ndani huko Marui, kwa miguu. Simfahamu. Akaketi kwenye benchi langu akaweka fimbo chini. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akauliza lile duka la dawa linafunguliwa saa ngapi.

"Limefungwa kabisa, bibi. Mwenyewe amehama."

"Nani kamhamisha?"

Ningeweza kusema biashara ilikuwa ngumu. Lakini niseme ukweli, nilikuwa na hamu mtu aniulize swali hilo, nijisifu. "Mimi," nikamwambia. "Ndiye mimi niliyemhamisha." Nikamweleza yote: mama kukalishwa kutwa nzima, ile ya kutolea, jinsi alivyokuwa anaila bila kuitoa, jinsi nilivyomkomesha. Alinisikiliza mpaka mwisho, amenyoosha miguu iliyovimba.

"Mia sita," akasema.

"Na hamsini."

"Mimi nilikuwa nampa," akasema. "Mjukuu wangu anamtumia na hiyo yake ya kutolea, ananipa dawa, narudi zangu shamba kabla jua halijawa kali." Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi ya zahanati akanipa. Ilikuwa ya presha. Jina la dawa nalijua kama ninavyojua jina langu. "Mara ya mwisho nilichukua za miezi mingi, zimeisha. Tangu Ijumaa sijameza," akasema.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, anatusikia. Nikaikunja ile karatasi, nikaikunjua. Nilitaka kumwambia huyo unayemtetea ni mwizi. Nilitaka kumwambia kuwa nilifanya vile kwa ajili ya watu kama yeye, lakini ungekuwa uongo, kwa sababu wakati nafanya sikuwa nimemfikiria yeye wala mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nafikiria kirikuu kikipakia makabati.

"Bodaboda mpaka mjini wanataka ngapi siku hizi?" akaniuliza.

Nikamtajia.

"Loo!" Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akaiokota fimbo yake akasimama, akaniambia:

"Haya, funga hicho kibanda, mwanangu. Utanipeleka wewe. Na nauli ni juu yako, kwenda na kurudi."