Nimechana Kurasa Tatu za Namba Sita wa Akiba

Naomba mnifichie jina, kwa sababu mnaofuata mpira mtamjua huyu mtu mara moja. Nina miaka ishirini na nne, shule niliachia kidato cha pili, na nina msichana wa miaka miwili na kidogo. Tunaishi Mutuini, chumba kimoja. Siku nne kwa wiki nafulia watu nguo Parklands. Naandika nikiwa saiba hapa tao, kwa hizi kompyuta za kulipia, mtoto amenilalia mapajani, kwa hivyo mkiona makosa mnivumilie.

Baba ya mtoto, tumwite Baba Shiko, anachezea timu kubwa ya hapa Nairobi. Ni namba sita, yule wa kusimama mbele ya mabeki na kuvunja mashambulizi, lakini ni wa akiba. Mwenye namba aumie au apewe kadi, ndiyo yeye aingie. Tulipoanza kukaa pamoja aliniambia, "Mtu wa benchi haonwi. Kocha anakumbuka tu siku nimekosea. Wewe andika kila kitu nafanya."

Basi nikanunua daftari la mistari. Nilikaa kwenye nyasi za uwanja wa mazoezi kule Jamhuri na tumbo langu kubwa, baadaye na mtoto mgongoni, naandika: ameingia dakika gani, amepokonya mipira mingapi, pasi gani imepotea, nani amemponyoka. Sikuwa najua mpira. Nilijifunza kwa kumwangalia yeye.

Meneja wa timu, mzee mmoja mpole, akanigundua. Kwao hakukuwa na mtu wa kazi hiyo. Kamati ilipotaka kuamua nani aongezewe mkataba na nani aachwe, aliniambia, "Mama Shiko, nipe hilo daftari nikawasomee." Hapo ndipo nilikosea. Kabla ya kumpa, nililinakili upya. Mazuri niliyaandika yote. Lakini vile anavyogeuka kushoto, mzito kama lori la mchanga, niliruka. Goti bovu analomficha daktari wa timu, niliruka. Akapewa miaka miwili. Alinibeba juu mbele ya majirani akipiga kelele, "Huyu ndiye ajenti wangu!"

Mtoto alipofika miezi mitano akaniambia anaenda kambini. Alibeba hata pasi ya nguo. Kambi gani mtu anaenda na pasi? Hakurudi tena.

Mwezi uliopita natoka kazini Parklands nimembeba Shiko, na Baba Shiko huyo hapo, anashuka ngazi za fleti na dada mmoja amevaa viatu virefu. Dada akauliza, "Huyu ni nani?"

"Aah, ni shabiki tu. Huwa anakuja mechi na mtoto wake." Kisha akanigeukia, "Sasa, mathe?" kama anayesalimia mama wa watu tu.

Mtoto wake. Na Shiko alikuwa amemnyooshea mikono abebwe, vile anavyomnyooshea kila mtu. Sikulia, wala sikutukana. Nilimwambia, "Poa sana. Nisalimie goti."

"Goti gani?" dada akauliza. Niliwaacha hapo wakijibizana.

Sasa mkataba unaisha, na bwana huyu anataka alipwe mara mbili ya sasa. Meneja amenipigia simu: "Kocha anasema tumwache, mwenyekiti anamtaka. Kamati inakaa Ijumaa. Mimi nitasimama na daftari lako, Mama Shiko, kwa sababu wewe hudanganyi." Wewe hudanganyi!

Daftari ninalo, sikuacha kuandika hata alipohama. Nilianza kwa mapenzi, nikaendelea kwa hasira, na hasira inaona vizuri zaidi. Safari hii kila kitu kimo. Goti limo. Ile siku alizungukwa kama mti, tukafungwa, imo.

Shida ni mechi tatu za mwisho. Mwenye namba alikuwa nje kwa kadi, na Baba Shiko alicheza kama mwanaume. Moja alibaki peke yake na washambuliaji wawili, akautoa mpira kwa lile goti bovu, jukwaa zima likasimama. Na mimi nilisimama, Mungu anisamehe. Nikiongea kama mtu wa mpira tu, huyu ni mtu wa kuingia dakika ishirini za mwisho kulinda bao, na hapo ni wachache wanamshinda. Kuanza mechi, hapana. Mara mbili, hapana. Aongezewe mwaka mmoja kwa anachopata sasa, hiyo ndiyo haki yake.

Lakini mimi sitaki apate haki yake. Nataka ashuke zile ngazi za Parklands na begi lake na ile pasi.

Jana nilichana kurasa za hizo mechi tatu. Daftari lililobaki halina uongo hata mstari mmoja, na litammaliza. Dada yangu anasema, "Peleka hivyo hivyo, ajue benchi ya kweli inakaaje." Nikimwangalia Shiko nasikia moto. Nikikumbuka sauti ya yule mzee nasikia aibu.

Msiniambie nimsamehe, hilo sijauliza. Niambieni tu, nizibandike zile kurasa ama nipeleke daftari lilivyo? Nifanye nini, jamani? Ijumaa ni kesho kutwa, na gundi sijanunua.