Nilivyong'olewa Gego Mbele ya Mama Mkwe

Ndugu zangu wa Nansio, mmeniuliza sana ilikuwaje mtu aliyemkimbia tabibu wa meno mara mbili akarudi kutoka Mwanza bila gego. Nimekuwa nikijibu "Mungu mkubwa" na kubadilisha mazungumzo. Leo nasimulia, ila nawaambia mapema: katikati ya safari hii kuna sehemu ambayo mimi mwenyewe siijui. Nilikuwepo, lakini siijui.

Kilichoniondoa nyumbani ni shavu. Gego la chini kushoto lilioza likatunga usaha, uso ukavimba mpaka jicho likaanza kufunga. Tabibu wetu wa hapa aliniambia bila kupepesa macho, "Baba Neema, usaha huu ukishuka shingoni utakosa pumzi. Safari hii ukikimbia, unakimbilia kaburini." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mara ya kwanza nilitoka nduki nikapita sokoni nikiwa bado na bibu lake la plastiki kifuani. Mara ya pili nilimwambia nakwenda haja ndogo, nikaenda hadi nyumbani.

Mnanicheka kwamba mimi ni fundi mitumbwi, kutwa nzima nang'oa misumari kwa koleo. Chekeni tu. Nilipokuwa darasa la pili, baba zangu wadogo watatu walinikalia, mmoja miguuni, wawili mikononi, na mzee mmoja akaning'oa jino kwa koleo la kukatia waya. Likakatika, akarudia. Tangu siku hiyo, mtu akinisogelea mdomo na chuma, akili yangu inatoka na miguu inaifuata.

Tabibu akasema Mwanza kuna kliniki ya meno wanakotoa dawa ya kutuliza watu wa namna yangu. Hulali kabisa, alinieleza. Ukiambiwa fungua mdomo unasikia, lakini woga unapungua, na baadaye hukumbuki. Masharti ni mawili: usile kitu tangu usiku, na uje na mtu mzima wa familia atakayekaa nawe mpaka akurudishe nyumbani. Bila mtu huyo, dawa hupewi. Akaniandikia barua, na mimi nikaifungua njiani. Chini kabisa alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: HUKIMBIA.

Jumatano, saa mbili asubuhi, nikapanda meli. Mke wangu Veronika hakuweza kuja kwa kuwa mtoto wetu wa mwisho alikuwa na wiki tatu tu. Alisimama gatini na kichanga mgongoni, akaniambia, "Kaka yangu Deusi atakupokea na atakaa nawe huko kliniki. Wewe kazi yako ni kukaa kwenye kiti, basi." Ziwa lilikuwa limetulia. Abiria mmoja aliniuliza kama nimepigana, nikamwambia ndiyo, maana ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Deusi anakaa Buswelu na ananunua dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Jioni ile tulikula vizuri, mimi nikitafuna kwa upande mmoja, kisha akajikuna kichwa. "Shemeji, samahani sana. Lori la mzigo wangu limewahi, linapakia kesho asubuhi. Nisipokuwepo mzigo unaharibika. Mke wangu naye yuko msibani Geita."

"Sasa nani ananipeleka?"

"Nimeshaongea na mama. Kasema atakuja."

Mungu wangu! Mama wa Deusi ndiye mama wa Veronika, na kwetu mkwe hasogelewi. Tangu nilipooa, miaka kumi na mmoja, mama mkwe na mimi hatujapeana mkono. Hatukai mkeka mmoja, hatutazamani usoni, tukikutana njiani mmoja anapisha. Najua wengi wa mjini wameyaacha haya, lakini mama anaishi Pasiansi, mjini humohumo, na hajaacha kitu. Nikapendekeza jirani. Deusi akasema jirani ataisimulia Buswelu nzima.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, nilimkuta mama mkwe mlangoni pa kliniki akitazama barabara. Nilisimama mbali. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba Neema," aliujibu ukuta.

Ndani kulikuwa na benchi moja. Mama akakaa mwisho kabisa akinipa mgongo, mimi nikabaki nimesimama kama askari. Nesi, binti mdogo aliyeitwa Sista Leticia, akatushangaa. "Mama, msogelee mwanao, anaogopa huyu."

"Si mwanangu, ni mkwe wangu," mama alisema. "Sista, mwambie baba Neema asisahau kusema presha yake ilipanda mwaka jana."

Nilikuwa hatua mbili kutoka hapo. "Sista, mwambie mama nimeshasema."

"Nyie mmegombana?" Sista aliuliza.

Daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani. Aliisoma barua, akafika chini, akanitazama, akaisoma tena. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema tangu jana usiku sijatia kitu mdomoni. Kisha akasema kwamba kwa kawaida msindikizaji husubiri nje, lakini kwa barua hii angependa mama akae ndani, kwenye kona. Sikujua ninachoogopa zaidi, koleo au kuachama mdomo mbele ya mama mkwe. Mama akaingia, akageuza kiti, akakaa akitazama kabati.

Wakanilaza. Wakanibana kidole na kidude cha kupima pumzi, wakanifunga mkanda wa presha, wakanichoma dawa kwenye mshipa wa mkono. Daktari akasema kutakuwa na ganzi pia, kwa hiyo maumivu hayatakuwepo. Nikatazama feni ya dari. Nikahesabu mapanga yake, yalikuwa matatu. Nikahesabu tena, matatu. Nikaanza kuwaza mbona feni haizunguki na mimi nazunguka.

Halafu nikawa kwenye bajaji.

Jamani, sijui nisemeje. Sikuamka, kwa sababu sikulala. Nilikuwa natazama feni, kisha natazama mawe ya njia ya Pasiansi yakipita, na bega langu limeegemea bega la mtu. Nikageuka kidogo. Alikuwa mama mkwe! Nikajivuta hadi nusura nidondoke, dereva akapiga kelele.

"Tunakwenda kwa daktari saa ngapi?" nilisema. Sauti ilikuwa nzito, mdomoni mmejaa pamba.

"Dereva," mama alisema, "mwambie tumeshatoka. Na hilo ameuliza mara ya tano."

Nikabisha. Nikasema wananidanganya, daktari hata hajaanza. Nikapeleka ulimi kushoto, gego halipo. Nikapeleka tena. Baadaye niliambiwa kwamba baada ya kung'olewa tulikaa kliniki zaidi ya saa nzima, mimi nikiwa macho, nikiongea na nikinywa maji. Sina habari nayo kabisa. Saa zangu mbili za maisha zimekwenda na sijui zimekwenda wapi.

Kwa mama, Pasiansi, nililala hadi jioni. Nilipoamka shavu limelegea na jicho linafunguka. Nilifurahi, nikataka hata kuimba. Mama akaniletea uji uliopoa, akauweka kwenye kigoda cha karibu na mlango na kurudi nyuma kama kawaida yake. Hapo ndipo nilipouona mkono wake wa kulia. Juu ya kiganja kulikuwa na alama nne nyekundu za kucha.

Simu yake ikaita. Alikuwa Sista Leticia, anaulizia hali yangu, na mama akaiweka simu kigodani niichukue. Nikamwambia naendelea vizuri. "Na mkono wa mama vipi?" aliuliza akicheka. "Mlivyoshikana vile! Hamkuachiana mpaka jino likatoka. Na mwanzo nilidhani hamwongei!"

Nimemshika mama mkwe! Nimemtia kucha! Nikampigia Veronika kwa sauti ya chini. Nilisikia mtoto akilia nyuma yake. Akasema, "Baba Neema, hiyo ni mbuzi. Lazima umsafishe mama." Nilijua. Aibu ya namna hiyo kwetu huondolewa kwa mbuzi. Lakini unaombaje radhi kwa kitu usichokikumbuka? Nilijitahidi kukitafuta kichwani, nikaipata feni tu. Sikujua nilishikaje, nilisema nini, kama nililia, kama nilimtukana mtu. Niliona haya mpaka uji ukanishinda.

Ijumaa asubuhi nilikuwa na akili zangu zote, mama akanisindikiza bandarini. Daktari alimwambia anirudishe, na yeye akishaambiwa jambo halifanyi nusu. Alitembea hatua kumi mbele yangu hadi foleni ya meli. Nikaona nikipanda bila kusema nitakonda kwa aibu. Nikatazama viatu vyangu.

"Mama, nitaleta mbuzi."

"Mbuzi wa nini?" Hakukuwa na sista wala dereva wa kumtuma, ikabidi aniulize mwenyewe.

"Nilikushika mkono. Nimekuumiza. Nisamehe, sikumbuki hata kidogo."

"Nani kakwambia ulinishika? Mimi ndiye niliyekushika."

"Wewe, mama?" nilisema.

"Ulikuwa umeshashusha miguu chini," alisema, akitazama meli. "Daktari anakwambia kaa, husikii. Sista ukimpuliza anaanguka. Nikasema moyoni, huyu anakwenda kufa kwa shavu, na binti yangu ana kichanga cha wiki tatu. Nikainuka nikakushika mkono. Mbuzi kama yupo, ni wa kwangu."

"Ukanikalisha?"

"Nitakukalisha vipi, mtu mzima ulivyo? Nilikushika tu. Wewe ukanikaba mkono hasa. Kisha ukarudi kwenye kiti, ukafungua mdomo."

"Nani aliufungua?"

"Wewe. Hakuna aliyekugusa mdomo mpaka ulipoufungua."

"Basi ilikuwa dawa, mama. Si mimi."

"Dawa ilikuwa imeshaingia, na bado ulikuwa unakimbia," alisema. "Usinibishie. Nilikuwepo."

Watu wakaanza kupanda. Mnaniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba dawa ile ipo, na mwenye woga kama wangu asione haya kuiomba, na kwamba daktari akisema uje na mtu, ana sababu. Mengine bado yananichanganya. Nina miaka arobaini na mbili, na jambo moja tu la ujasiri nililowahi kulifanya, silikumbuki. Wa kwetu aliyeliona ni mmoja tu, na ndiye mtu nisiyeruhusiwa kumtazama usoni.

Nikamtazama.