Kina Gaudensi Wawili wa Mpitimbi

Nikisema niliaibika, sisemi ile aibu ya kujikanyaga kanga sokoni ukaanguka, watu wakacheka, ukajikung'uta vumbi ukaenda zako. Nasema aibu yenye kipaza sauti. Mpitimbi nzima ilinisikia, pamoja na watu waliokuwa mashambani wakipalilia, na mpaka leo nikishuka pale kituoni hakosi mtu wa kuniuliza, "Mwalimu, leo umekuja kumlilia nani?" Namjibu vizuri tu na nacheka naye, kwa sababu siku ile nilirudi na kitu ambacho hakuna wa kuninyang'anya. Ila ngoja nianze na upumbavu wangu.

Mimi ni mwalimu wa Historia katika sekondari moja hapa Songea (likumbukeni hilo, maana ndilo linaloniuma zaidi). Naishi Majengo na mama yangu, Osmunda, ambaye ana miaka sabini na kitu na ana kidonda kimoja tangu utoto. Baba yake, yaani babu yangu Gaudensi Komba, aliondoka kwenda Tanga kukata mkonge mama akiwa na miaka mitano, akaleta barua mbili tatu, kisha kimya. Watu wakasema ameoa huko, amewatupa. Bibi alikataa kuolewa tena, akahamia mjini kwa kaka yake, akafa akisema mume wake yuko njiani, na mama akabaki na vyote viwili, kusubiri na maneno ya watu. Kila msiba wa ukoo lazima apatikane mmoja wa kunong'ona kwamba hawa ndio wale waliotupwa na baba yao, na ananong'ona kwa namna ya kusikika. Mwaka jana mama aliugua sana, alipopona akaniambia, "Mwanangu, sitaki kitu kingine. Nataka kujua baba amelala wapi. Na kama alituacha, basi nijue alituacha."

Nikaanza kazi. Nilikwenda kwanza ofisi ya serikali wanakoandikisha vifo, dada mmoja mpole akanieleza kwamba vifo vya zamani vya vijijini mara nyingi havimo kwao, nijaribu vitabu vya kanisa. Kijiji cha akina babu kilikuwa mbele ya Mpitimbi, na zamani waumini wote wa njia ile waliandikwa parokia moja, kwa hiyo Jumamosi moja nikapanda bodaboda nikaenda. Karani wa parokia, Mzee Kanisius, alinitolea vitabu vya marehemu vimefungwa kwa kitambaa, vinanuka dawa ya mchwa, nikakaa navyo tangu asubuhi mpaka njaa ikaanza kunisemesha. Nilianza na vya karibuni nikawa narudi nyuma. Sikujua kitabu cha majina kinaweza kumliza mtu. Kuna kurasa nzima za watoto wachanga tu, jina, siku, basi.

Halafu nikamwona. Gaudensi Komba, Mpitimbi, amezikwa makaburi ya misheni. Nilipiga meza mpaka Mzee Kanisius akatoka chumba cha pili kuja kuona nini kimeanguka.

Akasoma polepole, akaweka kidole pembeni mwa mstari. "Hapa kuna namba ya ubatizo, Mwalimu. Hawa watu wanarithi majina. Babu mmoja akifa anaacha wajukuu wanne wenye jina lake. Kalete cheti cha ndoa cha bibi yako, namba ya mumewe imo, tulinganishe."

Hapo ndipo penyewe. Cheti kilikuwa kwenye sanduku la mama. Kukichukua kulimaanisha nirudi Majengo, nimwambie mama kinachoendelea, nirudi tena Mpitimbi Jumamosi nyingine, na mimi nilitaka nimfikie na habari iliyoiva. Nikasema, "Mzee wangu, jina ni lile, ukoo ni ule, njia ni hii hii. Gaudensi Komba watakuwa wangapi?" Mzee Kanisius akavua miwani, akanitazama, akasema, "Mwalimu ni wewe." Nikalichukua kama ni sifa.

Mama nilipomwambia alilia, akaacha, akauliza kama nina hakika, nikamwambia mama, nimeona kwa macho yangu kitabuni. Tukakubaliana tumjengee babu kaburi, tuweke msalaba wa zege, padre abariki, tuwe mimi na mama na basi. Lakini shangazi mmoja akasikia, akaweka kwenye kundi la simu la ukoo, kufika Jumatano tulikuwa watu ishirini na nane na Coaster ya kukodi, kina mama wameshachagua kitenge cha sare, na binamu yangu anayekodisha muziki wa harusi akasema babu hawezi kubarikiwa kimya kimya, atakuja na jenereta na spika mbili kubwa, bure. Nikasema sawa. (Kila jambo wiki ile nilisema sawa.)

Siku ikafika. Mzee wa kanisa alikuwa ameshatuonyesha kaburi, fundi alikuwa ameshasimika msalaba alfajiri na saruji imeanza kukauka, jina limepakwa rangi nyeusi limekaa vizuri kabisa. Mama akapiga magoti akaweka kiganja kwenye udongo, akasema, "Baba, mimi nimekuja," na watu wote wakainama. Padre akaniachia nafasi ya kusoma wasifu. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu. Nikashika kipaza sauti, nikaeleza jinsi babu alivyoondoka akiwa kijana mwembamba, jinsi alivyokata mkonge juani, jinsi alivyomkumbuka binti yake mpendwa, na sauti yangu inaenda mpaka ng'ambo ya bonde na inarudi, na mimi naona raha.

"Mume wangu hakuwahi kufika Tanga," mtu akasema nyuma yetu. "Hata Njombe aliisikia tu."

Tukageuka. Alikuwa bibi mzee sana, jembe begani, gauni la shamba, miguu ina udongo. Padre akasema, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, baba. Sasa hawa wanaomlilia mume wangu, ni watoto aliowazaa wapi?"

Ndugu zangu, mtu mwenye akili hapo angenyamaza. Mimi nikamwinamia mama nimnong'oneze, mkono wangu ukiwa bado umeshika kipaza sauti kimewashwa, nikasema, "Mama, kumbe babu alirudi, akaoa hapa hapa Mpitimbi sisi tukimsubiri." Spika mbili za harusi zikalitangaza hilo kama lilivyo. Chini bondeni niliona watu wakinyoosha migongo na kuegemea majembe wasikilize vizuri. Padre akawa ananipungia mkono nizime, mimi nikadhani ananiambia niendelee, nikaendelea, "Na mke mwenyewe ndiye huyu."

Bibi akatupa jembe chini. "Nimekaa na mwanaume miaka yote ile, hakulala nje hata siku moja," akasema, "leo naletewa watoto wake wenye mvi?" Akakaa chini, akaanza kulia kwa hasira. Mama naye akakaa pale pale kwenye udongo, na hakulia. Alisema taratibu tu, na kipaza sauti kikadaka, "Kwa hiyo ni kweli. Alitutupa."

Nimewahi kuaibika mara nyingi na zote zimepita, lakini ile sauti ya mama ilinikata. Nilitaka kumpa baba yake, nikawa nimemnyang'anya hata kile kidogo alichobaki nacho, mbele za watu ishirini na nane wa ukoo, tena kwa sauti kubwa.

Padre akatuma mtu amwite Mzee Kanisius. Akaja bila haraka, vitabu viwili kwapani. Hakunisema. Akauliza tu kama leo tumekuja na cheti, na kabla sijaanza kujitetea mama akafungua mkoba wake akakitoa. Kumbe alikuwa nacho, alikibeba kutoka Majengo. "Nilitaka kumwonyesha baba kwamba mama alikitunza," akasema. Kitu nilichoona uvivu kukifuata kilikuwa kwenye mkoba, hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama nikihutubia.

Mzee Kanisius akaweka cheti juu ya kitabu, akafuata namba kwa kidole, akafuata tena. "Si yeye," akasema. "Hawa ni watu wawili."

Bibi akaacha kulia. Akatutazama mmoja mmoja. "Tanga mlisema?" akauliza. "Osmunda ni nani kati yenu?"

Nataka mnielewe hapa. Katika kurasa zangu zote tatu sikuwa nimeandika jina la mama, nilikuwa nimeandika "binti yake mpendwa" kila mahali. Padre alikuwa akimwita mama, ukoo mzima unamwita mama au shangazi. Hakuna aliyelitaja jina lile pale makaburini.

"Mimi," mama akasema.

"Basi wewe ndiye mwenye gauni."

Akatusimulia akiwa amekaa vile vile chini. Jina lake ni Kornelia. Mume wake na babu yangu walirithi jina la babu mmoja, kwa hiyo waliitana wajina, na babu aliporudi kutoka Tanga alishuka Mpitimbi akaingia kwa wajina wake kwa sababu miguu ilikuwa imeshindwa. Alikuwa anakohoa damu. Alitaka apumzike siku mbili kisha aende kwake, hakutaka mke amwone katika hali ile. Alikuwa na begi moja na ndani yake gauni dogo la kike, jekundu, la mtoto wa miaka mitano, akawa anawaambia ni la Osmunda wake, wakati Osmunda alikuwa mwanamke mzima kwa miaka ile. Siku ya nne akafariki. "Mume wangu alikwenda kwenu kwa miguu kutoa habari," Bibi Kornelia akasema, "akakuta nyumba imebaki ukuta, kijiji kimehamishwa, hakuna wa kumuuliza. Tukamzika sisi. Gauni tukamvalisha binti yetu, utusamehe, hatukuwa na pa kulipeleka."

Mzee Kanisius alikuwa ameshafungua kile kitabu kingine, cha nyuma zaidi, ambacho mimi sikukigusa kwa sababu nilishapiga meza. Gaudensi Komba, mgeni, ametoka Tanga. Na pembeni namba. Akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, mama akiwa anafuata kwenye cheti, na ya mwisho ilipokaa sawa shangazi zangu walipiga vigelegele ambavyo havikuhitaji spika.

Kaburi lenyewe lilikuwa safu tatu nyuma yetu. Nilikuwa nimelipita asubuhi nikielekea kwenye hotuba yangu. Lilikuwa na jiwe kichwani na limelimiwa safi, halina hata jani, maana Bibi Kornelia kila mwaka huja na jembe kulimia makaburi mawili, la mume wake na la mgeni wake, na siku ile ndiyo kazi iliyokuwa imemleta, alikuwa ameanza na la mgeni.

Mama alikaa pale muda mrefu, na Bibi Kornelia pembeni yake. Kisha akanyanyuka, akaja moja kwa moja kwangu, akanyoosha mkono. Nikampa kipaza sauti. Mama yangu hajawahi kusema mbele za watu, hata kwenye jumuiya humwomba mwenzake asome badala yake. Akakishika kwa mikono yote miwili.

"Mimi ni Osmunda, binti wa Gaudensi Komba," akasema, na bonde likairudisha sauti yake. "Baba yangu hakututupa. Alikuwa anakuja nyumbani."

Akalisema mara ya pili, akimtazama shangazi mmoja ambaye simtaji, anayependa kunong'ona misibani. Shangazi akawa wa kwanza kuangalia chini. Padre alibariki makaburi yote mawili, tukaenda wote kwa Bibi Kornelia tukanywa togwa mpaka dereva wa Coaster akaanza kupiga honi.

Ule msalaba hatukuung'oa, saruji ilishakauka na jina ni la mwenyewe, Bibi Kornelia akasema mume wake kapata msalaba kwa bahati, apewe. Nikarudi kwa fundi Majengo kuagiza mwingine, jina lile lile, ila chini yake nikamwambia aandike na namba ya ubatizo. Fundi akaitazama. "Mwalimu, hii ni ya simu?" Nikamwambia aandike tu.

Tangu siku ile mwanafunzi wangu akiniambia ana hakika namuuliza hakika hiyo ameilinganisha na nini, na mimi mwenyewe mtu akinitajia jina naomba namba. Nimeapa pia kwamba maishani mwangu sitashika tena kipaza sauti makaburini. Mama amesema hilo ni jambo jema kabisa, kwa sababu safari ijayo atakishika yeye.