Gobori la Kuazimana

Naikumbuka asubuhi moja ya msimu wa kuamia ndege, mwanangu, na kila nikiikumbuka hunijia kwanza mkono wa Zainabu, alivyouweka sikioni akiuliza tunasema nini. Lakini nisianzie huko, usije ukapotea.

Jana ulinijia hapa Makorora, ukanipa shikamoo kwa adabu zako zote, ukanywa kahawa yangu, ndipo ukasema kilichokuleta. Ngedere na nguruwe wanakumalizia machungwa kule Muheza, na unataka kununua bunduki. Ukaniomba radhi. Nikakwambia rudi kesho, nawe ukanuna. Nilikuona. Mdomo ule wa kununa ni wa babu yako Hamadi mtupu, na kisa hiki ni chake. Alinipa ruhusa ya kukisimulia kabla hajafa, maana mwenyewe hakuweza kukimaliza bila kulia.

Miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, nilikuwa bi harusi mpya wa Hamadi katika kijiji kimoja cha kando ya mto Pangani. Nyumba zetu zilikuwa upande huu wa mto, mashamba ya mpunga upande wa pili. Mpunga ukianza kuiva, wanawake tulivuka kila alfajiri kwa mitumbwi kwenda kuamia ndege, tukipiga makopo na kupiga kelele mpaka jua lizame. Kazi hiyo haina mshahara wala sifa, lakini ukiikosa siku moja unavuna makapi. Na ndege walikuwa na wakubwa wao. Viboko walitoka majini, wakala, wakakanyaga zaidi ya walivyokula. Shamba la mtu la mwaka mzima liligeuka tope kwa usiku mmoja.

Kijiji kizima kilikuwa na bunduki moja, gobori la baba mkwe wangu, lile la kushindiliwa baruti mdomoni mwa mtutu. Mzee yule alikuwa mwema kupita kiasi, hakujua kumnyima mtu. Basi gobori likawa la kuazimana kama kinu. Leo liko kwa huyu, kesho kwa yule, na kila anayeliazima huja na risasi zake mwenyewe. Dukani hazikuwepo za kumfaa maskini, kwa hiyo watu walijitengenezea. Wavuvi walikata chubwi, yaani risasi za kuzamishia nyavu zao, kwa tindo, zikatoka vipande vyenye kona. Wengine waliyeyusha madini ya risasi kwenye kopo, wakaidondosha kupitia bati lenye matundu ndani ya ndoo ya maji, ikaganda punje punje. Hayo ndiyo marisau, nayo ni ya kanga na kwale.

Mama mkwe wangu hakutaka kuona kazi hiyo karibu na jiko lake. Siku moja Hamadi alichukua sufuria ya mboga akayeyushia humo. Mama aliitoa nje, akaitoboa kwa shoka mbele yetu. "Chombo kilichopika risasi hakipiki tena chakula," alisema. Nami nikacheka kichinichini, nikisema moyoni bibi huyu ana vituko. Ujinga wa ujana, mwanangu. Siku hizi mnaambiwa hayohayo hospitalini na mnaitikia kwa heshima.

Mzee alipofariki, gobori likamwangukia Hamadi, na hapo ndipo mzozo ulipoanza. Ijumaa moja baada ya sala wanaume walikaa barazani pa msikiti kulijadili. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya ua tukipepeta, lakini masikio yetu yalikuwa kulekule.

Aliyesema kwa ukali kuliko wote alikuwa Makame, mvuvi, mume wa Zainabu. "Bunduki ile ipelekwe kwa jumbe," alisema. "Vijana hawana subira. Watatujeruhia wanyama, kisha wanyama watulipe siye."

Hamadi akamjibu, "Mpunga ukiliwa, jumbe ndiye atakayetulisha?"

Wengine wakamuunga mkono. Walisema mtu asiye na bunduki analima kwa ajili ya viboko. Wengine wakasema wazee wetu waliishi na viboko wale bila baruti, kwa moto na ngoma. Kila upande ulikuwa na haki yake, mwanangu, usidhani wale walikuwa wajinga. Njaa ni kweli, na damu ni kweli.

Mwisho akasema Mzee Kombo, aliyekuwa mwindaji zamani, ambaye neno lake lilikuwa halirudiwi. Aliamua gobori libaki kwa Hamadi, kwa ndege na nguruwe tu. Mnyama mkubwa asiguswe kwa marisau, maana hayamwui, yanamkasirisha tu. Kisha akakumbusha desturi ya wawindaji. Mtu akimwaga damu ya mnyama na mnyama asianguke, asitie tonge mdomoni mpaka mbiu imelia na kila mtu amejua. "Atakayekiuka, bunduki inakwenda kwa jumbe siku hiyohiyo," akasema. Hamadi akaapa.

Hazikupita siku nyingi. Jioni moja Hamadi alibaki ng'ambo peke yake, na kiboko dume akapanda kwenye shamba letu jua likiwa bado halijazama. Alipiga makopo, kiboko hakujali. Akawasha moto, kiboko akaendelea kula. Basi akafanya alichoapa kutokifanya. Alimpiga marisau ya kanga ubavuni, kwa hasira tu, na yule mnyama akarudi majini akitoa damu.

Alipofika nyumbani hakula. Nilimuuliza, akasema tumbo. Ulikuwa uongo, lakini ona, mwanangu, hata katika uongo ule aliitii nusu ya desturi. Hakutia tonge mdomoni. Nusu ya pili ndiyo iliyomshinda, kwa kuwa mbiu ikilia, gobori la baba yake linakwenda kwa jumbe, na Makame atatembea kijijini akisema "Niliwaambia." Alijilaza ukutani macho wazi. Mimi nililala usingizi wa pono, sikujua lolote.

Baada ya sala ya alfajiri aliingia mbio, akanikuta sipo. Nilikwisha kutangulia mtoni na mama mkwe, tuna makopo yetu na kiporo cha muhogo. Wanawake tulikuwa tumejipanga kuingia mitumbwini. Zainabu, kama kawaida yake, alikuwa amekwisha kuondoka. Mwanamke yule hakujua kusubiri. Alipenda kufika wa kwanza ili atucheke tukija, atuite mabibi wa mjini. Alikuwa shoga yangu wa kwanza katika kijiji kile, aliyenifundisha kupiga kasia, aliyeninong'oneza nani nimwogope na nani nimpuuze. Nampenda mpaka leo.

Hamadi akaja anakimbia, akasimama mbele ya mitumbwi, mikono ameitandaza. "Msipande! Kuna kiboko ana jeraha! Mimi nimempiga jana!" Alilisema mbele ya watu wote, na mama yake akisikia. Kisha akamwona Zainabu katikati ya mto, akaanza kumwita. Sote tukamwita. Naye akageuka, akaweka kasia mapajani, akaweka mkono sikioni.

Mtumbwi uliinuliwa kutoka chini. Sitakueleza zaidi. Wanaume walimtoa kabla jua halijapanda, na miye nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, nayo itakwenda na mimi kaburini.

Baada ya maziko watu walitaka kumla Hamadi mbichi. Makame alilia akisema aonyeshwe muuaji wa mkewe. Mzee Kombo akamsimamisha Hamadi mbele ya waombolezaji, akamkemea kwa sauti ya chini, tukalazimika kunyamaza ili tusikie. "Hamadi, kupiga ulikosea, na watu hukosea. Lakini ulilala nalo. Jambo la jioni umelisema asubuhi. Usiku ule mmoja ndio uliomuua Zainabu." Babu yako alikaa chini mchangani kama mtoto.

Kiboko hakuweza kuachwa hai. Bwana nyama, afisa wa wanyamapori, akaletwa kutoka bomani na bunduki kubwa ya serikali, akamvizia, akamwangusha kwa risasi moja. Mzoga ukavutwa kwa kamba hadi ufukoni. Sisi hatuli kiboko, kwa hiyo wakaitwa watu wa mashamba ya mkonge, waliotoka bara, wakaja na visu na vikapu. Kijiji kizima kilikuwa pale. Watu hutaka kumwona adui amelala.

Aliyekuwa akipasua alikuwa kijana wa Kikatoliki jina lake Yohana, mkata mkonge. Kisu chake kikagota. Akachokoa, kikagota tena mahali pengine. "Shikamoo mzee," akamwita Kombo, "hebu njoo utazame. Nyama hii ina mawe."

Mzee Kombo akainama, akaangalia kwa muda. Akakata jani la mgomba, akalitandika chini, akamwambia Yohana aweke humo kila anachokitoa. Punje za Hamadi zilikuwa chini tu ya ngozi, nyeusi, bado na damu mbichi. Lakini Yohana alipokata ndani zaidi alitoa nyingine, za siku nyingi, zimezungukwa na usaha na mafuta. Zikatoka punje kubwa, punje ndogo, na kipande cha msumari. Begani, karibu na mfupa, vikatoka vipande vyenye kona, vilivyokatwa kwa tindo.

Kila mtu pale alijua gobori lile liliwahi kulala nyumbani kwake.

Mzee Kombo akasema, "Nyama ya kuzunguka hizi risasi ikatwe izikwe. Asile mtu, asile mbwa, na mwewe wafukuzwe. Sumu tuliyoitia sisi isiende kwa asiyetukosea." Kisha akalinyanyua lile jani, akalishika mbele yao. "Mnyama huyu tulimtesa wengi, na mbiu haikulia hata mara moja. Haya. Kila mtu achukue yake."

Hamadi akaenda wa kwanza, akachukua punje zake. Baada yake hakwenda mtu. Wale waliokuwa wakipiga kelele za kumla mbichi walitazama miguu yao. Nyani haoni kundule, lakini siku ile wote waliyaona.

Ndipo Makame akatoka. Alikwenda polepole, mtu aliyezika mkewe juzi tu, akaokota vile vipande vya chubwi vyenye kona. Akavitia kiganjani, akakifunga. "Mwaka jana," alisema, "wakati wa mavuno. Zainabu aliniambia nikatangaze. Nikamwambia kiboko amekwenda zake baharini." Hamadi akamshika, wakalia pamoja, wale wawili ambao wiki ile ile walikuwa wamegombana barazani. Baada yao wakaenda wengine, mmoja mmoja, mpaka jani likabaki tupu.

Ni nani aliyemuua Zainabu? Mimi sijui. Pengine ni jeraha la babu yako, pengine ni lile la mumewe lililokuwa likiuma mwaka mzima. Mficha maradhi kifo humuumbua, na siku ile kilituumbua sote, lakini aliyelipa hakuwa na kosa. Gobori lilipelekwa kwa jumbe, Hamadi na Makame wakilibeba wao wenyewe. Tangu hapo ni ngoma na moto, na mpunga uliliwa kiasi, na hatukufa njaa.

Sasa nakujibu, mwanangu, nawe usinune. Sikukatazi. Machungwa ni jasho lako na nguruwe hana huruma. Kaombe kibali kwa wenye mamlaka kama sheria inavyotaka, usipitie mlango wa nyuma. Lakini kwanza jaribu uzio, jaribu mbwa na moto, maana bunduki ni jibu la mwisho, na ukilitoa mwanzo huna jingine. Usimpige mnyama usiyeweza kummaliza. Usimwazime mtu silaha hata akiwa ndugu wa ziwa moja, kwa kuwa mkono ni wake na jina ni lako. Mzoga wenye risasi ndani usiuache porini kwa mwewe na fisi. Uzike, nao wana haki ya kula salama. Na siku ukikosea, kwa kuwa utakosea, usilale nalo. Amka, piga mbiu, hata kama mbiu hiyo itakupokonya bunduki, heshima na urithi wa baba yako. Vyote hivyo hupatikana tena. Rafiki yangu hajapatikana.

Radhi yangu unayo. Mungu akubarikie shamba lako na watoto wako, akulinde na hasira ya jioni, akujaalie ulimi unaofika mtoni kabla ya mtumbwi kuondoka. Amina.