Rangi ya Uso wa Babu

Jumatano, mwanzoni mwa Juni. Manyunyu tangu alfajiri, mlima haujaonekana kutwa.

Nilikwenda mjini kutoa kopi. Karatasi ilipotoka kwenye mashine ikiwa bado ya moto, harufu yake ikanirudisha dukani kwa Mama, na tangu saa ile sijatulia. Sijui kama nitaeleza vizuri, shule yangu iliishia darasa la saba.

Mama alikuwa akichapisha kadi za harusi na ratiba za misiba, hapa hapa Moshi. Ukutani alibandika karatasi yenye vipande vya rangi, kila kipande na namba yake, vilivyochapwa na printa yake mwenyewe. Mteja akisema anataka damu ya mzee, Mama hakumwonyesha kompyuta. "Kioo kinakupamba tu," alimwambia. "Weka kidole kwenye karatasi. Unachokiona hapo ndicho kitakachotoka." Printa ile ilipenda wekundu, usipoizuia, bibi harusi alitoka kama tofali.

Babu alipofariki nilikuwa darasa la nne. Mazishi yalikuwa kesho yake, huko juu kihambani, kwenye shamba la ukoo, na Baba alikuwa ameshapanda kusimamia kaburi. Ratiba zenye picha ya Babu zilikuwa bado. Kwenye kioo cha kompyuta alipendeza. Karatasi ya kwanza ikamtoa mwekundu, utadhani katoka kupigana. Mama akachapa nyingine, uso ule ule umerudiwa mdogo mdogo, kuanzia mweusi kabisa hadi uliofifia, kila mmoja na namba. Akaitoa kibarazani, maana taa ya dukani ilitia ubuluu, akawapa wenye baba yao: Shangazi, aliyemuuguza Babu hadi mwisho, na Baba Mdogo, aliyeingia asubuhi hiyo kutoka Dar.

"Si uchague wewe, wifi, muda unakwenda," Shangazi alisema.

"Mimi ni mkwe. Uso wa baba mkwe siuchagui."

Shangazi akaweka kidole kwenye saba. Baba Mdogo akaweka kwenye mbili.

"Mbili? Huyo si mkaa!"

"Na saba ni unga. Baba alikuwa mtu wa shambani, dada."

"Wewe ulimwona lini mwisho? Au huko Dar mlikuwa mnarushiwa kwenye televisheni?"

Umeme ulikuwa umeshakatika mara moja na kurudi. Mvua ilikuwa inanukia, na kijana wa bodaboda wa kupandisha ratiba alipiga honi bila huruma. Nilizunguka miguuni mwao, nikitamani mtu yeyote aseme namba yoyote.

Baba Mdogo aliuinamia uso wa saba. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Huyo wako ni mgonjwa, dada. Mimi huyo sikumkuta."

Shangazi aliitazama karatasi, akaitazama tena. Akaondoa kidole.

"Chapa mbili."

Nilimchukia Baba Mdogo. Kwa haki yake niseme, dawa nyingi za Babu alizituma yeye, na pale kaburini alishindwa kusimama. Lakini nilimwona kama mtu aliyekuja kwa siku moja akamnyang'anya Shangazi kazi ya miezi.

Baadaye, nikiwa mtu mzima, ikawa zamu yangu kumuuguza Mama. Kumgeuza, kumwosha, kumlisha uji. Siku moja kaka yangu alishuka kutoka mji wa Mkuu, akakaa kitandani pa Mama akaniuliza, "Hivi Mama alikuwa anachekaje?" Kicheko chake kilikuwa kimenitoka. Nilimjua wa kwenye mto tu. Kaka akamwigiza, na nikalia kwa sababu ndivyo alivyokuwa anacheka.

Nadhani, na labda nakosea, hata Shangazi alikuwa amemsahau Babu mzima. Kwenye ile namba mbili akamwona tena, akataka watu wote waliokuja kumzika wamwone hivyo.

Jioni tumekula kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kwa maziwa mgando. Watoto wamegombania ukoko.