Faili la Kuazima

Fagio hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake lilikuwa usafi. Kompyuta ikianza kujikokota, watu walimwita yeye, akaondoa programu zilizolala bure, mashine ikarudi kukimbia kama imefukuzwa na nyuki. Shangazi yake, aliyemlea, alimtania kwamba akiachwa peke yake nyumbani atatupa hadi kitanda.

Asubuhi ile aliitwa kusafisha kompyuta ya maabara, kwenye zahanati ileile alikolazwa shangazi kwa sukari. Akakuta programu ya zamani ya stoo, akaiamuru iondoke. Kompyuta ikamuuliza: kuna faili moja humu, huenda programu nyingine nazo zinalitumia, nalo liondoke? Fagio akakubali, kama alivyozoea kukubali.

Sasa, faili la namna hiyo ni kama jiko moja kwenye nyumba ya wapangaji. Kila mtu ana chumba chake na sufuria yake, lakini moto ni uleule. Mmoja akihama na jiko, wote wanalala njaa, wala hawajui wamlaumu nani. Programu ya vipimo ilipofunguliwa, ikagoma: faili halipo.

Benchi la nje lilishajaa. Mpimaji wa maabara, dada asiye na maneno mengi, akasema diski ya programu iko ofisi kuu, waagize mtu wa pikipiki ailete. Na hiyo ndiyo ilikuwa njia: kuipakia programu upya pamoja na mafaili yake. Lakini Fagio aliona aibu kungoja. Karakanani kwake kulikuwa na kompyuta chakavu. Akachukua humo faili lenye jina lilelile, herufi kwa herufi, akalileta kwenye flashi na kulipachika. Programu ikafunguka. Dada akashusha pumzi, akamwambia, “Kaka, umetuokoa.” Jina lilikuwa lile, ila tumbo lake lilikuwa la enzi nyingine.

Mchana akapita wodini kumjulia hali shangazi. Nesi alikuwa anavuta kwenye bomba la sindano dawa ya kushusha sukari, huku akitania kwamba leo wodi nzima imekunywa asali, kila kipimo kiko juu. Fagio akacheka. Kisha akamshika shangazi mkono. Ulikuwa wa baridi, umelowa jasho, unatetemeka. Nyumbani walikuwa wanaijua vizuri hali hiyo: ndivyo anavyokuwa sukari ikimshuka.

“Mwanangu,” shangazi alisema, “mbona naona giza?”

Kila kipimo kiko juu. Wodi nzima. Kicheko kikamkauka.

“Nesi, usimchome.”

“Umekuwa daktari tangu lini, baba?”

Angeweza kusema shangazi anaogopa sindano. Angemwokoa wake, na jina lake likabaki safi. Maneno hayo yalishafika kwenye ncha ya ulimi, akayameza.

“Faili nililoweka asubuhi kwenye kompyuta ya maabara si lake. Namba zenu za leo ni za uongo. Huyu mpe sukari, na asichomwe mtu mwingine.”

Nesi akaiweka sindano kwenye trei, taratibu. Hakumtazama Fagio. Alikuwa anatazama kitanda cha dirishani, kwa mzee aliyetangulia kuchomwa, ambaye tangu hapo alikuwa amelala vizuri, kimya kabisa, hata nzi wa mdomoni hamfukuzi.